Chuma ya Chicago yenye hakuna mtu alielewa, na vile ilikuja kuwa sura ya mji

Tarehe 8 Oktoba 2023, Jumapili jioni, nilikuwa kwa kibanda ya chapo huku mtaani nikicheki Kelvin Kiptum akikata barabara za Chicago kama msee anafukuzia mathree ya mwisho. 2:00:35. Rekodi ya dunia. Mathe wa chapo aliacha moja iungue kabisa juu hakutaka kupepesa macho. Februari iliyofuata tulimpoteza Kiptum kwa ajali ya barabara, na mpaka leo nikiskia jina Chicago, yeye ndiye namkumbuka kwanza.

Lakini stori ya leo si mbio. Ile marathon huanzia na kuishia Grant Park, na hapo kando tu kuna kitu kubwa ya kung'aa imekaa kama punje ya maharagwe yenye imelowekwa usiku mzima. Kama uko na cousin majuu na amewahi pita Chicago, ingia IG yake, utaipata. Amesimama mbele yake, amevaa koti kubwa, anajipiga picha kwa hiyo chuma kama kioo. Hiyo kitu haifanani na rais yeyote. Haina bunduki, haina fimbo, haina jina la mtu chini. Ni umbo tu. Na mji wa watu zaidi ya milioni 2.5 umekubali hiyo ndio sura yao.

Sasa geuka ucheki Kanairo. Kimathi amesimama na bunduki pale Kimathi Street. Tom Mboya yuko Moi Avenue karibu na Archives. Mzee Jomo ameketi KICC. Sanamu zetu ni za wazee, na sina shida na wazee, wamefanya yao. Nilitaka tu kujua: mji unafikaje mahali pa kujitambulisha na kitu haina kichwa wala miguu? Na nani huwa anaulizwa kabla iwekwe?

Niliacha chuo mwaka wa pili, so msitarajie nadharia nzito. Nimesoma tu hii stori kwa wiki kadhaa, nikagundua Chicago ndio mfano noma zaidi, juu kule walianza kwa kupigana.

Kwanza, hii kitu ya "dhahania" ni nini?

Kwa Kiswahili cha shule wanaita sanaa dhahania. Mtaani tunaita "hata mtoi wangu anaweza chora hiyo." Msee wa kawaida akichora ng'ombe, anataka uone ng'ombe. Msanii wa dhahania anachukua rangi, mstari, uzito na umbo, halafu anaziacha ziongee zenyewe bila kujificha nyuma ya ng'ombe.

Kama hiyo inakuchanganya, fikiria beat. Ukiskia beat kali bila maneno huwa huulizi, "Hii ngoma ya tatu inamaanisha nini?" Unatikisa kichwa tu. Ama fikiria kiondo ya shosho wako, zile mistari na pembetatu zimezunguka. Hujawahi muuliza shosho hiyo pembetatu ni picha ya nani. Umekulia ndani ya hii sanaa, ni vile tu hakuna mtu alikuambia ina jina.

Na kuna mahali hii stori inatuhusu moja kwa moja, ngoja tufike.

Mzee mmoja hajawahi fika Chicago

Miaka ya 60, Chicago ilijulikana kwa reli, chuma, machinjio na majambazi wa enzi za Al Capone. Meya alikuwa Richard J. Daley, mdosi wa siasa aliyeshika mji tangu 1955, na ungemuuliza kuhusu sanaa ya kisasa sidhani mngebonga dakika tano. Mji ulikuwa umejenga jengo refu jipya la mahakama na ofisi katikati ya tao, likamalizika 1965, na mbele yake kukabaki uwanja mtupu. Mwanajengo mmoja kwa hiyo kazi, William Hartmann, alikuwa na wazo: tutafute msanii mkubwa zaidi duniani. Huyo ni Pablo Picasso, Mhispania aliyekuwa anaishi kusini mwa Ufaransa, ameshapita miaka 80.

Hartmann alienda kumwona 1963. Alibeba picha za mji, picha za watu mashuhuri wa Chicago na zawadi za timu zao za michezo. Ni kama uende kumwomba msee kazi ukiwa umebeba jezi ya Gor na picha za Eliud Kipchoge. Picasso alikubali. Hakuwahi kanyaga Chicago, wala Marekani yote. Alitengeneza mfano mdogo wa kama mita moja, wao wakaukuza.

Walipomletea cheki ya dola 100,000, mzee alikataa. Akasema ni zawadi kwa watu wa Chicago. Hapo Kanairo tungeshaanza kuuliza kuna nini nyuma ya hiyo zawadi.

Chuma ilikatwa na kuungwa kwenye kiwanda cha Gary, Indiana, mji wa chuma ulio jirani. Hapa tulia kidogo, juu hii sehemu watu huiruka. Ile chuma si ya kawaida. Inaitwa Cor-Ten. Mabati ya keja yako yakishika kutu, kutu inakula mpaka ndani na unaanza kuweka sufuria chini ya tundu. Hii ya Cor-Ten inashika kutu juu juu, halafu hiyo kutu inakuwa koti inayozuia kutu zaidi. Haihitaji rangi. Na jengo lenyewe la nyuma limevalishwa chuma hiyo hiyo, so sanamu na jengo zimezeeka pamoja na kuwa na rangi moja ya kahawia. Ukisimama pale ni kama jengo limezaa.

Urefu: mita 15. Uzito: karibu tani 147. Gharama: kama dola 352,000, na nyingi ya hiyo doo ilitoka kwa mifuko ya hisani.

Siku ya kufunua

15 Agosti 1967. Umati umejaa, bendi ya muziki wa heshima iko, meya yuko. Gwendolyn Brooks, mshairi Mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Pulitzer, mtoto wa mitaa ya kusini mwa Chicago, anasoma shairi aliloombwa kuandika. Daley anavuta kamba, kitambaa kinaanguka.

Kimya. Halafu watu wakaanza kuangaliana.

Kulikuwa na mabawa mawili ama masikio mawili ama nywele. Katikati kuna kitu kama uso mrefu na macho yamekaribiana. Nyaya za chuma zimeunganisha mbele na nyuma kama gitaa. Wengine waliona mwanamke. Wengine nyani. Wengine wakaapa ni mbwa wa Picasso, juu mzee alikuwa na mbwa wa aina ya Afghan mwenye pua ndefu. Sanamu haikuwa na jina, na Picasso alikufa 1973 bila kusema ni nini.

Magazeti yaliwaka. Diwani mmoja, yaani MCA wa huko, anaitwa John Hoellen, alileta hoja itolewe na mahali pake iwekwe sanamu ya Ernie Banks, staa wa besiboli wa Cubs. Kusema ukweli, ningekuwa mkazi wa Chicago 1967, natoka kiwandani na miguu inauma, halafu naonyeshwa hiyo kitu, ningempigia Hoellen kura. Angalau Banks ninamjua.

Daley, mwenye hakuna mtu alimtarajia, ndiye alisema kitu ya akili siku hiyo. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba chenye ni kigeni kwetu leo kesho tutakuwa tumekizoea. Watu wengi huchukulia hiyo kama maneno ya mwanasiasa anayejitetea. Lakini ndivyo ilienda.

Vile walizoea

Hakuna mtu alikaa chini na wakazi kuwafunza. Kilichofanyika ni cha kawaida kabisa. Chini ya sanamu kuna mteremko wa chuma. Watoto wakagundua ni mahali pa kuteleza. Wakateleza wakiwa na miaka 5, wakakua, wakaleta watoto wao wateleze. Wafanyakazi wa ofisi wakaanza kula lunch pale. Wapenzi wakaanza kuambiana "tukutane kwa Picasso." Soko la wakulima likaanza kufanyika kwa huo uwanja, soko la Krismasi likaja, na kila mwenye hasira na serikali akajua maandamano yanaanzia wapi. Mwaka 1980 ule uwanja ukaonekana kwenye filamu ya The Blues Brothers, magari ya polisi yakiruka kila upande.

Na kulikuwa na kitu ingine ya kisheria wengi hawajui. Mji ulitaka kushika haki ya picha za sanamu, kila mwenye anauza kadi ama nakala aombe ruhusa. Kampuni moja ya uchapishaji ikawapeleka kortini. Mwaka 1970 jaji akaamua: wakati mnaonyesha ule mfano mdogo na kugawa picha zake kwa magazeti, hamkuweka alama ya hakimiliki kama sheria ya wakati huo ilivyotaka. Kwa hivyo sanamu ni ya umma. Kila mtu anaweza kuichora, kuiweka kwa fulana, kwa kikombe, kwa sabuni. Mji ulipoteza kesi, na nadhani hiyo ndio ilikuwa bahati yao kubwa. Umbo likitoka kwa mikono ya wakubwa likaingia kwa fulana za mtaani, sasa hilo ni la mji.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Mwaka 1974 Alexander Calder akaleta Flamingo, chuma nyekundu ya mita 16 imejipinda mbele ya majengo meusi ya serikali kuu, na siku ya kuizindua akazungushwa tao kwa gari la sarakasi la kuvutwa na farasi. Mwaka 1981 Joan Miró akaweka yake mkabala na Picasso. Na 1978 mji ulikuwa umeshapitisha sheria: ukijenga ama kukarabati jengo la umma, asilimia fulani ya gharama iende kwa sanaa. Weka hiyo asilimia kwa bajeti ya soko moja ya kaunti kisha utafakari.

Na ile maharagwe? Jina lake halisi ni Cloud Gate, ya Anish Kapoor, Mwingereza aliyezaliwa Mumbai. Ilionekana kwa mara ya kwanza 2004 wakati bustani ya Millennium Park ilifunguliwa, ikakamilika kabisa 2006. Sahani 168 za chuma zisizoshika kutu zimeungwa na kusuguliwa mpaka huoni mahali zimekutana. Iligharimu kama dola milioni 23. Watu wakaangalia mara moja wakaiita "The Bean", na Kapoor akachukia hilo jina. Pole kwake, mtaa ukishakubatiza imeisha. Muulize Githeri Man.

Tofauti ni kwamba Kapoor alishika hakimiliki yake. Mwaka 2005 kulikuwa na kelele kubwa walinzi walipoanza kuuliza wapiga picha wa kazi vibali. Na 2018 Kapoor aliwapeleka kortini NRA, kile chama cha wapenda bunduki, kwa kutumia picha ya Cloud Gate kwa video yao. Mwisho wakaitoa. Hapo lazima nikiri nilikuwa upande wa Kapoor, ingawa mistari miwili iliyopita nilikuwa nasifu sanamu isiyo na mwenyewe. Maisha.

Ile sehemu yenye inatuhusu

Huo uso wa Picasso, ule mrefu, macho karibu karibu, umepangwa kwa bapa za chuma badala ya nyama. Ulitoka wapi? Rudi nyuma 1907. Picasso akiwa kijana Paris aliingia kwenye makumbusho ya Trocadéro, akakuta vinyago vya Afrika Magharibi na ya Kati, vingi vikiwa vimebebwa kutoka makoloni. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba hiyo ziara ilimgeuza kichwa. Hakuona uso uliochorwa vibaya. Aliona mtu aliyeamua kwamba pua inaweza kuwa mstari na jicho likawa shimo, na bado uso una nguvu kuliko picha ya kamera. Mwaka huo huo akachora kazi yake iliyobadilisha sanaa ya Ulaya, na wanawake wawili ndani yake wana nyuso kama vinyago.

Majina ya wachongaji wa vile vinyago hatuna. Jina la Picasso tunalo.

Na kama unadhani hiyo ni stori ya Afrika Magharibi tu, cheki hii. Wamijikenda wa Pwani, hasa Wagiriama, wana vigango: mbao ndefu zilizochongwa kumkumbuka mzee wa Gohu aliyefariki. Kichwa ni duara, mwili ni ubao mnyoofu, na kote kuna pembetatu ndogo ndogo zimepangwa. Hakuna sura, na hakuna mtu kwa boma ambaye hajui huyo ni nani. Kigango hakitakiwi kuhamishwa. Lakini kuanzia miaka ya 80 viliibwa kwa wingi na kuuzwa Marekani kama mapambo ya sebule. Makumbusho ya jimbo la Illinois, jimbo la Chicago hiyo hiyo, yalikuwa yameshika vigango 37. Mwaka 2023 yakavirudisha Kenya.

Kwa hivyo mtu akikuambia sanaa dhahania ni mambo ya wazungu, mwambie apande basi ya Kilifi.

Ukuta wa upande mwingine

Sasa tukuje kwa kitu ilinifanya niandike hii yote. Siku 12 baada ya Picasso kufunuliwa, 27 Agosti 1967, kulikuwa na sherehe ingine Chicago. Mahali ni kona ya barabara ya 43 na Langley, kusini mwa mji, kama kilomita 8 kutoka tao. Ni kama kutoka Archives hadi Buru. Huko ndiko Wamarekani Weusi walikuwa wamebanwa kuishi. Mwaka uliokuwa umepita Martin Luther King alikuja Chicago kuandamana kuhusu nyumba, watu wahame wanapotaka, na kwenye maandamano mtaa mmoja wa Wazungu akapigwa na jiwe kichwani.

Kwa hiyo kona kundi la wasanii Weusi linaloitwa OBAC lilichukua ukuta wa jengo chakavu na kuchora mashujaa wao kama 50. Muhammad Ali. Malcolm X. John Coltrane na saksafoni. Na Gwendolyn Brooks mwenyewe. Waliita Wall of Respect, Ukuta wa Heshima. Hakuna dola 352,000. Hakuna mifuko ya hisani. Wakati wanachora, watu wa mtaa walikuwa wanasimama pale wanabishana nani anafaa kuwekwa na nani atolewe, na kuna sehemu zilipakwa rangi upya juu ya hizo ubishi. Walinzi wa ukuta walikuwa majirani.

Brooks aliandika shairi kwa Picasso na shairi kwa ukuta, akaenda kote kuwili mwezi ule ule. Ukiyasoma pamoja utaona ni mwanamke mmoja kwa nyumba mbili: tao anasimama kama mgeni aliyekaribishwa vizuri na hajui aweke mikono wapi, mtaani amefika kwao.

Ukuta haukuwa dhahania, ulikuwa na sura za watu. Lakini nilitaka uone hizi mbili zikiwa bega kwa bega. Zote mbili zilibadilisha vile Chicago inajiona. Picasso ilifanya mji uamini unaweza kuweka maumbo makubwa kwa uwanja wa umma. Ukuta ulianzisha moto wa michoro ya kutani, ukaenda Detroit na miji mingine, na mwaka uliofuata baadhi ya wasanii wake wakaanzisha kundi la AfriCOBRA, lenye rangi kali za kupiga kelele, herufi na mistari ikicheza ndani ya nyuso kama muziki wa jazz umechorwa.

Halafu 1971 lile jengo likashika moto. Baadaye mji ukalibomoa. Leo kwa hiyo kona hakuna ukuta.

Picasso iko. Inaoshwa, inalindwa, imeandikwa kwa vitabu vya watalii. Sitaki kusema mzee Picasso alikosea, alitoa zawadi bila kudai hata senti. Nauliza tu vile mji huamua gani ni urithi na gani ni jengo chakavu.

Rudi Kanairo

Sisi tuko na ukuta wetu, tofauti ni kwamba una magurudumu. Nganya. Mwaka 2004 sheria za Michuki zilikuja na ule mstari wa njano, na michoro ikawa makosa. Karao akiamua siku ni mbaya, ni hiyo graffiti anaanza nayo. Mwaka 2014 Uhuru Kenyatta akiwa rais akasema vijana waachwe wapake magari yao, na mji ukalipuka rangi. Leo mtalii akitua JKIA hapigi picha ya sanamu yoyote. Anauliza wapi anaweza panda mathree yenye ina taa ya zambarau na sabufa ya kutoa roho.

Ukiangalia nganya vizuri, sura ya Tupac ama Malcolm X inachukua sehemu ndogo tu ya mwili. Hiyo nafasi ingine yote ni nini? Mistari inayokimbia nyuma, rangi zinazomwagika kutoka kwa tairi, herufi zimepindwa mpaka husomi. Hiyo ni dhahania, buda. Tunapanda ndani yake kila asubuhi kwa soo moja na tunashuka bila kujua.

Na tuko na yetu ya kuteleza pia. "Tukutane Hilton." Hoteli ilifungwa mwisho wa 2022 na bado watu wanakutana Hilton, juu lile jengo la duara limeingia kwa kichwa cha mji. Hakuna mtu aliwahi uliza duara linamaanisha nini.

Ukitaka kuona wasanii wetu wakifanya hizi vitu kwa turubai, nenda Nairobi Gallery karibu na Nyayo House uone mkusanyiko wa Joseph Murumbi, ama uingie Kibera kwa Maasai Mbili, kundi lililoanzishwa na wachoraji wa mabango ya maduka. Hao wa mwisho hawatakuuliza umevaa nini.

Mwezi uliopita nilipita kwa gereji moja Eastlands ambapo jamaa mmoja hupaka nganya. Sitamtaja, hapendi stori nyingi. Alikuwa amechuchumaa kando ya gari, mkebe wa rangi mkononi, anachora mistari ya machungwa na bluu kutoka taa ya nyuma hadi mlangoni, bila kupima na bila kuchora na penseli kwanza. Nikamuuliza hiyo ni nini.

"Ni mwendo," akasema. "Gari ikisimama, bado iendelee."

Nikamuuliza gari yake kali zaidi iko njia gani nikaione. Akacheka. Mwenyewe aliuza, mnunuzi akaipaka nyeupe yote ndio aiuze upcountry. Akatoa simu, kioo imepasuka kwa kona, akasogeza picha na kidole mpaka akaipata. Moja tu, imepigwa usiku, nusu ya gari imekatwa.